Uhakiki wa Dhana ya Kusaidia Mwendo katika Teknolojia ya Vihisi vya Kupandikizwa Misulini: Mtazamo kutoka Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya kusaidia mwendo kama inavyotumika katika teknolojia ya vihisi vinavyopandikizwa ndani ya misuli ili kuongoza miguu na mikono ya roboti. Dhana hiyo inasomwa kutoka wilaya za Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Data zimetokana na matokeo ya tafiti yaliyokwishachapishwa, sheria za Tanzania, historia ya eneo husika na istilahi za Kiswahili. Makala yanabainisha kuwa tafiti nyingi hupima ubora wa kihisi kwa usahihi wa kusoma msuli na kwa kasi ya mtembeaji, ilhali kipimo chenye uzito zaidi kwa mtu wa Kibondo au Kasulu ni umbali uliopo kati ya mwili uliobeba kifaa na mtu anayeweza kukitengeneza au kukitoa. Vipandikizi vya uzazi wa mpango, ambavyo tayari vinatumika katika wilaya hizo, vimetumika kama kielelezo cha kulinganishia. Makala yanahitimisha kuwa wilaya hizo hazipaswi kunyimwa teknolojia hiyo kwa kisingizio cha umaskini, wala kuipokea kabla ya kuwepo mfumo wa kuitunza.

Maneno msingi: mwendo, kihisi, kipandikizi, kiungo bandia, Kibondo, Kasulu

1.0 Utangulizi

Neno mwendo lina matumizi zaidi ya moja katika Kiswahili. Kwanza, mwendo ni namna mtu anavyotembea, hata akatambulika kwa mbali kabla uso wake haujaonekana. Pili, mwendo ni umbali unaohesabiwa kwa miguu ya mwenye safari, kama isemwavyo kuwa kutoka nyumbani hadi zahanati ni mwendo wa saa mbili. Tatu, kutokana na kitenzi kile kile cha kwenda, lugha imeunda neno mwenendo, yaani namna mtu anavyoishi na wenzake. Maana hizi tatu hazitengani katika maisha ya kila siku. Anayepoteza mguu hupoteza namna yake ya kutembea, umbali wa zahanati humwongezekea, na nafasi yake katika shughuli za kijamii huweza kutikisika.

Sayansi ya viungo vya roboti imejishughulisha zaidi na maana ya kwanza. Hilo si kosa kwa kuwa kila taaluma huchagua sehemu ya tatizo inayoweza kupimwa. Tatizo huanza pale kipimo cha sehemu moja kinapotolewa kama hukumu ya jambo zima, na kifaa kikasemwa kuwa kinarudisha mwendo wakati kilichopimwa ni hatua kadhaa katika maabara. Makala haya yanachunguza pengo hilo kwa kuuliza swali moja: teknolojia ya vihisi vya kupandikizwa misulini ingehukumiwa vipi endapo mwamuzi angekuwa mkazi wa Kibondo au Kasulu?

Uteuzi wa wilaya hizi una sababu. Kwanza, ni eneo la vilima na mabonde, ambapo makazi mengi yako juu na maji na baadhi ya mashamba yako chini, hivyo kutembea ni kupanda na kushuka. Pili, historia yake imejaa matukio ya watu kuhamishwa, kuhesabiwa na kuwekewa mipaka ya kutembea. Tatu, wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa: kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliotoka Kongo, na kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya waliotoka Burundi. Mahali penye historia ya namna hii, kauli kwamba kifaa fulani kinasaidia mwendo hailazimiki kupokelewa bila kuulizwa ni mwendo upi na ni wa nani.

2.0 Hoja ya Wabunifu

Uhakiki wa haki huanza kwa kuieleza hoja inayohakikiwa kwa nguvu zake zote. Msuli unapojikunja hutoa umeme mdogo sana. Kwa miongo mingi mafundi wamekuwa wakiusoma umeme huo kwa elektrodi zinazogusa ngozi, na kuutumia kufungua na kufunga mkono bandia. Njia hiyo ina udhaifu unaojulikana. Jasho hubadilisha mguso wa elektrodi na ngozi, soketi inayovaliwa kwenye kigutu huteleza kidogo kila hatua, na ishara za misuli iliyo karibu huchanganyikana. Mtumiaji hulazimika kufikiri juu ya kifaa badala ya kufikiri juu ya kazi anayoifanya.

Kupandikiza kihisi ndani ya msuli kunakusudia kuondoa udhaifu huo. Nchini Marekani kulibuniwa vihisi vyenye umbo la kidonge, vyenye urefu wa milimita 16 na kipenyo cha milimita 2.5, ambavyo hupata nguvu kwa njia ya sumakuumeme kutoka kwenye koili iliyo ndani ya soketi, bila waya kupenya ngozi. Mwaka 2015 kampuni ya Össur ya Iceland ilitangaza kuwa watu waliokatwa miguu walikuwa wakitumia mguu wa roboti unaoongozwa na vihisi vilivyopandikizwa katika misuli iliyobaki. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walieleza njia nyingine isiyosoma umeme kabisa. Waliweka jozi za vipande vidogo vya sumaku ndani ya msuli wa bata mzinga, wakapima kutoka nje jinsi umbali kati ya vipande hivyo ulivyobadilika msuli uliporefuka na kufupika.

Sambamba na vihisi, upasuaji wenyewe umebadilika. Katika upasuaji wa kawaida wa kukata mguu, misuli inayofanya kazi kwa jozi, mmoja ukivuta na mwingine ukilegea, hutenganishwa. Njia mpya huiunganisha tena ndani ya kigutu, ili mtu aendelee kuhisi mahali mguu wake ulipo hata kama mguu huo ni wa chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha watu saba waliofanyiwa upasuaji huo na saba wasiofanyiwa. Walioufanyiwa waliongeza kasi yao ya juu ya kutembea kwa asilimia 41, na walijaribiwa pia katika miteremko, ngazi na njia zenye vizuizi.

Jambo hili la mwisho linastahili kutiliwa maanani. Ni rahisi kwa mhakiki kudai kuwa maabara hazijui mlima, na dai hilo lisingekuwa kweli. Aidha, hoja ya jasho ina nguvu zaidi Kasulu kuliko katika ofisi yenye kiyoyozi. Anayelima maharage na mihogo kwenye mteremko hutoka jasho kutwa, na elektrodi inayogusa ngozi itamtupa mkono mapema. Kwa mantiki hiyo, kihisi kilicho ndani ya msuli kinaweza kumfaa mkulima wa nyanda za juu kuliko kinavyomfaa mkazi wa mji wa ubaridi ambako kilibuniwa. Uhakiki usioanza kwa kukiri hili ungekuwa chuki dhidi ya kitu kipya.

3.0 Istilahi na Mitazamo Iliyofichika Ndani Yake

Lugha inayotumika kukizungumzia kiungo cha kutengenezwa hubeba hukumu kabla mjadala haujaanza. Katika Kiswahili kiungo hicho huitwa kiungo bandia. Bandia ni neno lile lile linalotumika kwa noti bandia na dawa bandia, yaani kitu kinachojifanya kuwa kisichokuwa. Mtoto naye huita mwanasesere wake bandia. Anayetembelea mguu bandia hivyo hubeba, pamoja na mguu huo, shaka ya udanganyifu ambayo lugha imemwekea. Wakati huohuo istilahi za kimataifa zilizotafsiriwa, kama teknolojia saidizi na vifaa saidizi, zimeegemea upande mwingine. Zinamweka mtu kama mpokeaji wa msaada na kifaa kama mtenda wema.

Mabadiliko kama haya yamewahi kutokea katika namna ya kuwataja watu wenyewe. Majina kama kiwete, kiziwi na kipofu, yenye umbo la ngeli ya vitu, yamepisha kwa kiasi kikubwa katika maandishi rasmi usemi wa mtu mwenye ulemavu, unaotumika pia katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Usemi huo humtanguliza mtu na kuiweka hali yake baadaye. Kifaa anachokivaa, hata hivyo, hakijapata mageuzi ya namna hiyo.

Neno la tatu, kipandikizi, ndilo lenye manufaa zaidi kwa mjadala huu. Asili yake ni shambani. Mkulima hupandikiza mche kutoka kitaluni, na mche hauhesabiwi kuwa umepona hadi ushike katika udongo mpya, jambo linalohitaji maji, kivuli na jicho la mtu kwa muda. Kutoka huko neno liliingia katika huduma za afya, na leo mwanamke wa Kibondo akisikia neno kipandikizi hafikirii roboti. Anafikiria kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Maana hiyo ya karibu, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya 5.0, inatoa kipimo ambacho tafiti za vihisi zimekikosa.

4.0 Historia ya Mwendo katika Nyanda za Juu za Kigoma

Katika nchi ya Waha, mwendo umekuwa mara nyingi jambo linaloamuliwa na mwingine. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa maeneo haya na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kudhibiti ugonjwa wa malale. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu, na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, waliohamishwa hawakuwa waliopanga ramani ya makazi mapya.

Katika kipindi hichohicho na miongo iliyofuata, Kasulu na Kibondo zilikuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo wanaume wengi walisafirishwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mbali, yakiwemo ya Tanga. Kiswahili kiliwapa jina la manamba, kutokana na namba waliyopewa kila mmoja. Jina hilo ni ushahidi wa kihistoria: lugha ilikumbuka kwamba mwili wa kibarua uliingia katika daftari kwanza, na jina lake likafuata. Nguvu ya misuli ndiyo iliyotafutwa, ikapimwa kwa kipande cha kazi cha siku, na ilipokwisha mtu alirejeshwa alikotoka.

Baada ya uhuru, mwaka 1972, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni kubwa ya kuwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, maji na zahanati. Kwa mara nyingine lengo lilielezwa kwa lugha ya huduma, na kwa mara nyingine uamuzi wa wapi na lini ulitoka nje ya kaya.

Wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta wanaikamilisha picha hii. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka kuishi katika maeneo yaliyotengwa na kutotoka bila kibali, na kwa miaka mingi mpaka uliotumika ulikuwa kilomita nne kutoka kambini. Mpaka huo unaliweka swali la teknolojia katika hali ya uwazi mkali. Mguu wa roboti ungemwezesha mkimbizi aliyekatwa mguu kutembea kwa kasi zaidi, na ungemfikisha mapema zaidi kwenye mpaka uleule. Hili halina maana kwamba mguu hauna thamani, kwa kuwa ndani ya kilomita hizo nne mna kisima, shule, kanisa, msikiti na soko. Linaonesha tu kwamba kizuizi cha mwendo hakikai chote ndani ya msuli, na kwamba kihisi hakiwezi kukisoma kilicho nje yake.

Matukio haya manne hayalingani kwa nia wala kwa matokeo, na kuyaweka pamoja hakukusudii kuyasawazisha. Yanachoshirikiana ni muundo: mtaalamu anapima, mamlaka inaamua, mwili unasogea. Kihisi kilichomo msulini kinaingia katika muundo huu kwa namna mpya, kwa sababu kinaupima mwili mfululizo na kupeleka taarifa nje. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo katika yale inayoyalinda. Swali la nani anamiliki rekodi ya mwendo wa mtu si la kubuniwa mahali ambapo babu zao waliitwa kwa namba. Utafiti wowote utakaowafikia wakazi wa wilaya hizi unapaswa kulijibu kabla ya kisu cha upasuaji kushikwa.

5.0 Kijiti cha Uzazi wa Mpango kama Kipimo

Kipandikizi cha uzazi wa mpango ni kifaa kidogo kinachoingizwa chini ya ngozi na mhudumu wa afya kwa ganzi ya sehemu ndogo. Vipo vya miaka mitatu na vya miaka mitano. Mteja hupewa kadi inayoonesha tarehe ya kuwekewa na tarehe ya kurudi. Katika vituo vya umma huduma hutolewa bila malipo. Kwa kipenyo, kijiti hicho hakitofautiani sana na vihisi vya umbo la kidonge vilivyoelezwa katika sehemu ya 2.0, japokuwa kihisi huwekwa ndani zaidi na kwa upasuaji mgumu zaidi.

Kilichokifanya kijiti kikubalike vijijini hakimo ndani ya kijiti. Kimo katika mambo matatu yanayokizunguka: kina tarehe ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza, aliyefunzwa kukiweka amefunzwa pia kukitoa, na mahali pa kukitolea hapahitaji safari ya kuvuka nchi. Pale ambapo moja kati ya mambo hayo limekosekana, imani imepungua. Ndiyo maana mijadala ya uzazi wa mpango imesisitiza kuwa haki ya kuwekewa kipandikizi haikamiliki bila haki ya kutolewa wakati mwenye mwili anapotaka, hata kabla ya tarehe ya kadi.

Vigezo hivyo vitatu vikitumika kwa vihisi vya misuli, picha hubadilika. Kuhusu tarehe ya mwisho, tafiti hueleza kwa kina usahihi wa ishara katika kipindi cha majaribio, ilhali aliyekatwa mguu akiwa na miaka 25 anahitaji kujua kitakachotokea akiwa na miaka 60. Kuhusu kutolewa, sumaku iliyokaa ndani ya msuli huweka masharti kwa mtu anayehitaji kupimwa kwa mashine ya MRI, na daktari atakayempokea miaka mingi baadaye lazima aweze kujua kuwa ipo. Kadi ya karatasi isiyooza ni sehemu ya kifaa kama ilivyo sumaku yenyewe.

Kuhusu mahali, hali ni ngumu zaidi. Mafunzo ya wataalamu wa viungo bandia nchini yana kitovu chake Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Huduma za kibingwa za mifupa zipo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT. Kutoka Kasulu, miji yote miwili iko mamia ya kilomita, upande wa pili wa nchi. Mguu wa plastiki ya polipropilini, ambao Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeutumia katika nchi nyingi, ukipasuka unaweza kuyeyushwa kwa joto, kuunganishwa na kurekebishwa na fundi mwenye tanuri na vifaa vya kawaida. Programu ya mguu wa roboti ikigoma, fundi huyo hana pa kuanzia. Hata umeme wa kuchaji betri si jambo la kuchukuliwa kirahisi katika miji ambayo kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli kabla ya Gridi ya Taifa kuifikia.

Hofu ya kuachwa na kifaa mwilini si ya kufikirika. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza kipandikizi cha jicho kilichoitwa Argus II, kilichowekwa kwa watu zaidi ya 350 katika nchi mbalimbali. Kampuni iliacha teknolojia hiyo, na mwaka 2022 ilibainika hadharani kuwa watumiaji walibaki na vifaa machoni bila uhakika wa matengenezo wala vipuri. Watu hao waliishi katika nchi zenye hospitali nyingi, sheria imara za walaji na vyombo vya habari vyenye nguvu. Kama waliachwa hao, mtu wa Kibondo aliyebeba kihisi cha kampuni iliyofungwa angebaki na kipande cha maabara ya mtu mwingine ndani ya paja lake.

6.0 Pingamizi na Majibu

Hoja iliyojengwa hapo juu inaweza kupingwa kwa njia mbili. Pingamizi la kwanza ni kwamba mjadala wa roboti ni anasa mahali ambapo hata magongo ni haba. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inaeleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika hilo mwaka 2016 ina magongo, viti mwendo na viungo bandia, na haina kihisi cha kupandikizwa. Kwa mtazamo huo, uhakiki wa kitu kisichopo ungekuwa kupoteza muda.

Jibu ni kwamba mambo hupangwa kabla hayajafika. Vigezo vya usalama, mikataba ya utafiti, mitaala ya mafunzo na viwango vya ununuzi huandikwa wakati teknolojia ingali changa, na wasiokuwepo wakati huo hukuta meza imekwisha kuandaliwa. Aidha, hakuna sababu ya kudhani kuwa tafiti za baadaye hazitatafuta washiriki mahali penye watu wengi wenye uhitaji na gharama ndogo. Historia ya manamba inatoa sababu ya kutosha ya kuwa macho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kusema kuwa mguu wa polipropilini unatosha kwa Kasulu kwa kuwa unatengenezeka Kasulu kunaweza kuwa dharau iliyovaa joho la busara. Mtu wa nyanda za juu ana haki ya kuhisi mguu wake kama yeyote, na anayekatazwa kifaa bora kwa sababu ya anwani yake amenyimwa mara mbili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua mwendo binafsi kama haki na hauiwekei haki hiyo mpaka wa wilaya.

Pingamizi hili linakubalika, na linairekebisha hoja ya makala haya badala ya kuivunja. Umbali wa matengenezo haupaswi kutumika kama sababu ya kunyima. Unapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya gharama ya kifaa, kama inavyohesabiwa betri. Mradi unaopanga kupandikiza vihisi bila kumfundisha na kumlipa mtaalamu wa karibu atakayevitunza ni mradi ambao bajeti yake haijakamilika, hata kama uhandisi wake umekamilika. Kwa upande mwingine, palipo na mtaalamu huyo, hakuna msingi wa kusema teknolojia hiyo ni ya watu wengine.

Hapa pia ndipo upasuaji uliotajwa katika sehemu ya 2.0 unapopata maana ya karibu zaidi. Kuunganisha jozi za misuli wakati wa kukata mguu hakuhitaji mota wala betri ndani ya mwili. Kunahitaji ujuzi wa daktari. Katika hospitali ya wilaya mguu hukatwa mara nyingi ili kuokoa maisha, wakati ambapo hakuna anayefikiria roboti, lakini namna ulivyokatwa ndiyo itakayoamua kifaa gani kitawezekana miaka kumi baadaye. Ikiwa sehemu moja ya elimu hii mpya inastahili kufika mapema Kibondo na Kasulu, basi ni hii iliyo mikononi mwa mpasuaji, kwa sababu ikishafanyika haimtegemei mtengenezaji yeyote kuendelea kuwepo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki dhana ya kusaidia mwendo kwa kuirejesha katika maana tatu ambazo Kiswahili kimezihifadhi. Kwa maana ya kwanza, namna ya kutembea, vihisi vya kupandikizwa misulini vina ahadi ya kweli, na kwa mkulima anayetoka jasho mteremkoni huenda vina ahadi kubwa kuliko wabunifu wake walivyotarajia. Kwa maana ya pili, umbali, teknolojia hiyo bado haijajieleza, kwa kuwa vipimo vyake vinaishia kwenye mwisho wa jaribio, ilhali mtumiaji anaanzia hapo. Kwa maana ya tatu, mwenendo, linabaki swali la uhusiano kati ya anayepima na anayepimwa, ambalo historia ya malale, manamba, operesheni na kambi imelifanya kuwa zito katika eneo hili.

Kutokana na uchambuzi huo, makala yanapendekeza kuwa tafiti zinazohusu vihisi vya kupandikizwa zitaje, pamoja na usahihi na kasi, mambo matatu ambayo kijiti cha uzazi wa mpango kimekwisha kuyafanya ya kawaida: muda wa kifaa, jina la kada ya mhudumu anayeweza kukitoa, na mahali pa karibu pa kumpata. Inapendekezwa pia kuwa vyuo vya ndani vinavyofundisha wataalamu wa viungo bandia vishirikishwe katika hatua ya ubunifu, na kwamba wahakiki wa istilahi walitazame upya neno bandia.

Mkulima anapopandikiza mche hahesabu kazi kuwa imekwisha jioni ile ile. Hurudi kesho kuutazama. Teknolojia itakayostahili kuitwa msaada wa mwendo katika nyanda za juu za Kigoma ni ile ambayo aliyeipanda anaweza kurudi, au amemwacha mtu wa karibu wa kurudi kwa niaba yake.